Muulize mwanao steringi wake ni nani

Kahama/Geita. Jua likizama katika miji ya dhahabu, kuna sauti mbili zinazosikika kutoka mbali. Ya kwanza ni ya makarasha yanayosaga mawe. Ya pili ni ya spika ya kibanda umiza, ambako mtafsiri anaieleza kwa Kiswahili cha mtaani muvi iliyotengenezwa Hong Kong, India au Marekani: nani steringi, nani adui, na nani ataumia kabla muvi haijaisha.

Mabenchi ya mbele, yale ambayo hukaliwa na wafupi ili wasizibwe, mara nyingi hujaa watoto.

Mkute mmoja wao kesho yake njiani akienda shule, umuulize muvi ilikuwaje. Utapewa uchambuzi kamili. Atakuambia steringi wa safari hii hamfikii yule wa sehemu ya kwanza, adui kafa mapema mno, na mtafsiri aliruka maneno mahali fulani. Atakutajia tamthilia inayorudi na msimu mpya na ile ambayo kwa maoni yake ingeishia msimu wa kwanza. Atakuambia pia katuni gani ni kali na ipi ni “ya watoto”, hata kama yeye mwenyewe ana miaka kumi.

Shabiki huyu yupo Kahama, Kakola, Katoro, Nyarugusu na Shinyanga mjini. Huenda yupo nyumbani kwako. Maoni anayo mengi, lakini je, kuna mtu mzima anayemuuliza?

Swali hili linahusu afya ya mtoto moja kwa moja. Anachokitazama, saa anayokitazama, anayekaa naye na pesa anayolipia kiingilio vinagusa usingizi wake, hofu zake, masomo yake, na katika ukanda huu wa migodi vinaweza kugusa hata uhai wake. Njia rahisi ya kuyajua yote hayo ni kumwacha akusimulie kile anachokipenda.

Neno “tu” ndilo tatizo

Kwa Kiswahili neno ni moja. Mchoro wa gazetini ni katuni, kitabu cha hadithi ya picha ni katuni, na kipindi cha wanyama wanaozungumza kwenye televisheni nacho ni katuni. Watu wazima hulitumia kwa dharau kidogo: “Anaangalia katuni tu.”

Lakini wazazi wa leo nao walikuwa mashabiki. Kabla yao, babu na bibi zao walimfahamu Chakubanga, mhusika aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru kuanzia miaka ya 1960. Wazazi wenyewe walikua wakigombania jarida la Sani, wakicheka na kina Madenge na Lodi Lofa, wakafuata Kingo wa James Gayo na Kipanya wa Masoud Kipanya. Nakala moja ilizunguka mtaa mzima hadi ikachanika pembe.

Redioni, mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, na tabia yake ya kuwa na wanawake kila kituo, alizungumzwa majumbani kama jirani halisi. Kwa watu wa Isaka, mji wa malori na bandari kavu hapo hapo wilayani Kahama, maisha ya Mkwaju hayakuwa mageni. Watafiti waliufuatilia mchezo huo kwa makini: kwa miaka ya mwanzo haukurushwa Dodoma, ili waweze kulinganisha. Maeneo yaliyousikia yalionyesha mabadiliko makubwa zaidi katika matumizi ya uzazi wa mpango na katika tabia za kujikinga na Ukimwi.

Mwishoni mwa 2011, TBC ikaonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Iliwavutia watu kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Baada ya hapo zikaja tamthilia za Kituruki na Kihindi kwa Kiswahili, na zetu wenyewe kama Huba. Leo ukichelewesha chakula kwa sababu tamthilia imerudi, nyumba nzima inakuelewa.

Kwa hiyo anayepaswa kumwelewa shabiki wa miaka kumi kuliko wengine wote ni mzazi wake. Naye alikuwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Sani ilisomwa nyumbani na Twende na Wakati ilisikilizwa sebuleni. Mtoto wa leo anaweza kuwa shabiki wa kitu ambacho mzazi wake hajawahi kukiona hata mara moja.

Maoni yake kuhusu vilivyopo

Vitu vizuri vya kutazama na kusoma kwa Kiswahili vipo, na shabiki ana maoni yake kuhusu kila kimoja.

Kwa wadogo wa chekechea ipo Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala huingia katika nchi ya ndotoni ambako yeye na marafiki zake wanyama hujifunza herufi, namba, rangi na namna ya kuishi na wenzao. Mtoto wa miaka minne anaweza kuitazama sehemu moja mara kumi bila kuchoka, na kurudia huko si upuuzi: ndivyo mtoto wa umri huo anavyojifunza. Kaka yake wa darasa la tano atakuambia hiyo ni ya watoto. Hajakosea.

Kwa hao wa shule ya msingi ipo Ubongo Kids ya shirika hilo hilo, iliyoanza kuonekana TBC1 Januari 2014. Humo kina Kibena, Kiduchu na Koba hukumbana na tatizo na kulitatua kwa hesabu au sayansi, kisha wimbo unalifupisha somo. Maoni ya mashabiki hapa hugawanyika. Nyimbo hushika kichwani, na mtoto anaweza kuimba kanuni ya hesabu akiwa anachota maji. Lakini mwanafunzi aliyetoka tu darasani anaweza pia kulalamika kwamba hii ni shule tena. Mzazi asiudharau ukosoaji huo. Mtoto wa miaka kumi na moja anataka hatari, mashaka na mtu wa kumshangilia. Asipovipata kwenye kipindi kinachomfaa, atavifuata kibandani.

Kwa vijana yapo machapisho ya hadithi za picha. Shujaaz lilianzia Kenya mwaka 2010 na baadaye likaingia Tanzania, likizungumza kwa lugha ya vijana kuhusu biashara ndogo, mapenzi, uzazi na kujitegemea. Femina Hip, iliyoanza mwaka 1999, imekuwa ikizifikia shule za sekondari kwa majarida yenye visa vya vijana na elimu ya afya. Dada wa kidato cha tatu anaweza kuyasoma, na mdogo wake ataokota nakala ileile na kuelewa nusu. Hapo ndipo mzazi anapotakiwa awe karibu, kwa sababu nusu asiyoielewa ataiuliza mahali.

Afrika pia inaanza kujiona kwenye skrini kubwa za dunia. Mwaka 2010 Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Tingatinga ya Tanzania, ilionyeshwa Uingereza. Mwaka 2023 Netflix ilitoa Supa Team 4, katuni ya Malenga Mulendema wa Zambia kuhusu wasichana wanne wa Lusaka wanaolinda mji wao. Mtoto wa Geita ambaye mashujaa wake wote ni wa ng'ambo anaweza kushangaa kuona shujaa aliyesuka nywele kama dada yake.

Je, katuni inafundisha kweli?

Inafundisha, na ushahidi umetoka hapa hapa nchini.

Katika utafiti wa Kilimani Sesame uliochapishwa mwaka 2010, watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam walifuatiliwa kwa wiki sita wakipata hadithi za kipindi hicho kwa njia ya televisheni, redio na vitabu. Waliokipata zaidi walipiga hatua kubwa zaidi katika masomo ya mwanzo, tabia za kijamii na uelewa wa afya, ikiwemo malaria.

Mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya utafiti mwingine uliofanyika Morogoro kwa watoto zaidi ya 500. Baadhi walitazama Akili and Me na wengine vipindi vingine kwa wiki chache. Walioitazama Akili walifanya vizuri zaidi katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu na Kiingereza. Utafiti wa mwaka 2021 uliotumia takwimu za Uwezo nao ulikuta kwamba watoto wa Tanzania walioifahamu Ubongo Kids walikuwa na uwezo mzuri zaidi wa hesabu.

Sasa mzazi afikirie upande wa pili. Ikiwa wiki chache za katuni njema zinamfundisha mtoto kuhesabu, basi miezi ya muvi za mapanga na bunduki nayo inamfundisha kitu.

Hilo nalo limepimwa. Mwaka 1963, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akilipiga sanamu la mpira. Kundi moja lilimwona ana kwa ana, la pili likamwona kwenye filamu, na la tatu likaona kama katuni, mhusika akiwa amevaa kama paka. Watoto wote walioona kipigo, hata kile cha katuni, walikuwa wakali zaidi walipoachwa wacheze kuliko wasiokiona.

Hii haimaanishi kwamba kila anayetazama muvi ya kupigana atakuwa jambazi. Mamilioni wamemtazama Bruce Lee na wamekuwa walimu na wauguzi. Ila mtoto mdogo hubeba anachokiona, na anahitaji mtu wa kumsaidia kupanga: hili ni la mchezo, hili linaumiza, hili si kweli.

Kibandani hakuna wa kumsaidia. Mtafsiri anachekesha, mwenye kibanda anahesabu viingilio, na waliokaa nyuma ni vijana waliotoka shimoni wakiwa na fedha na uchovu. Bodi ya Filamu Tanzania hupanga filamu kwa madaraja ya umri, lakini daraja hilo halina maana mlangoni ikiwa kila mwenye sarafu anapita.

Saa nne usiku, na kiingilio cha nani?

Madhara ya kwanza ni ya usingizi. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka sita hadi 12 alale saa tisa hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi 10. Mtoto anayetoka kibandani saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi shule amelala saa saba, kama muvi haikumfuata hadi kitandani. Usingizi mchache huonekana darasani kabla haujaonekana nyumbani: anasinzia, anasahau, anakuwa na hasira. Mzazi anaweza kudhani ni uvivu.

Madhara ya pili ni ya hofu. Mtoto wa miaka saba hatakuambia kwamba muvi ilimtisha, kwa sababu waliomzunguka walikuwa wanacheka. Atakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, atakataa kwenda chooni peke yake usiku, au atasema tumbo linamuuma.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi katika ukanda huu: pesa ya kiingilio imetoka wapi?

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika migodi midogo ya dhahabu Tanzania, yakiwemo maeneo ya Geita na Kahama. Lilikuta watoto wa hadi miaka minane wakifanya kazi: kuingia mashimoni, kubeba mawe, kuponda na kuchenjua kwa zebaki. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Lakini mtoto anayeokota mawe karibu na karasha au kusaidia kwenye mialo baada ya shule hajioni kama mwajiriwa. Anajiona kama mtu aliyepata mia chache za kumwona steringi wake.

Zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto unaokua huumizwa nayo kuliko wa mtu mzima. Hatari kubwa ni mvuke wake, pale mchanganyiko wa zebaki na dhahabu unapochomwa, na wapo wanaouchoma nyumbani, karibu na jiko. Mtoto huuvuta bila kuona wala kusikia harufu ya kumtahadharisha. Vumbi la mawe huumiza mapafu. Na shimo linapotitia halichagui umri.

Kwa msichana pesa hiyo ina swali jingine: nani alimlipia? Shinyanga imewahi kuongoza nchini kwa ndoa za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu wanawake sita kati ya 10 wa mkoa huo waliokuwa na miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kulipiwa kiingilio, soda na chipsi na mtu mzima mwenye pesa za dhahabu huonekana jambo dogo siku ya kwanza.

Ndiyo maana maoni ya shabiki yana thamani. Mtoto hatakuja kwa mzazi kuripoti kwamba alikuwa mwaloni. Lakini akiachwa asimulie muvi kwa uhuru, mahali, saa, rafiki na kiingilio vitajitokeza vyenyewe ndani ya simulizi.

Wasukuma wana steringi wao

Zamani katika kaya za Kisukuma jioni ilikuwa na mahali pake: shikome, moto wa nje ambako wanaume na vijana waliota, wakasimuliana na kufundishana. Hadithi nyingi zilikuwa za kutisha kuliko muvi za leo. Watu walimezwa, walikatwa, waligeuzwa wanyama. Lakini watoto waliozisikia walikuwa wamekaa karibu na baba, babu na wajomba, na hadithi ilipoisha kulikuwa na wa kuulizwa.

Mojawapo ni ya Masala Kulangwa, steringi wa Usukuma kabla ya televisheni. Simulizi hutofautiana kidogo kijiji hadi kijiji, lakini uti wake ni huu: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa nchi. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha, akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akamuuliza mama yake watu wengine wako wapi, naye akamwambia. Kijana akaanza kuwinda. Akaua panzi, akaja kumuuliza mama kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama akasema hapana. Akaleta ndege, mama akasema hapana. Akaleta mnyama mkubwa zaidi, bado hapana. Hadi siku alipokutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Neno masala kwa Kisukuma lina maana ya akili. Ni jambo la kufurahisha kwamba watengeneza katuni wa Dar es Salaam, karne nyingine kabisa, nao walimpa msichana wao jina la Akili.

Lakini mzazi amtazame zaidi yule mama. Kila mtoto aliporudi na kitu na swali, alimkuta. Hakumfukuza wala kumcheka kwa kudhani panzi ndiye zimwi. Alimjibu, na kwa majibu hayo kijana akajifunza kutofautisha kisicho na madhara na kinachomeza watu.

Katika mikoa ambayo mashimo humeza watu kweli, watoto bado wanarudi nyumbani na vitu vya kuuliza. Kibanda umiza kimechukua nafasi ya shikome kwa upande wa hadithi. Upande wa majibu umebaki wazi.

Maswali matano ya kuanzia

Mzazi hahitaji king'amuzi wala bando ili kulijaza pengo hilo. Anahitaji robo saa na masikio. Wakati mzuri ni mikono ikiwa na kazi: mnachambua mchele, mnamenya viazi, au yuko nyuma ya baiskeli. Uso kwa uso kama polisi na mtuhumiwa haifai.

Steringi wako ni nani, na unampendea nini? Mwache amalize. Akisema anampenda kwa sababu hapigwi na mtu, huenda kuna anayempiga. Akisema kwa sababu ana pesa, hapo pana mazungumzo mengine.

Sehemu gani ilikutisha, au hukuielewa? Mwambie kwanza ya kwako, ile muvi iliyokukosesha usingizi ukiwa mdogo. Mtoto hukubali kuwa aliogopa akijua na wewe uliogopa.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Hapa ndipo akili yake inapofanya kazi. Usiharakishe kumpa jibu sahihi.

Ulitazama wapi, na mlikuwa nani na nani? Uliza kwa sauti ileile ya maswali ya mwanzo.

Kiingilio mlipataje? Liweke mwisho. Jibu lolote atakalotoa, usimpige wala kupiga kelele siku hiyo. Mtoto akiadhibiwa kwa kusema ukweli, hatausema tena, na utakuwa umepoteza mlango uliokuwa wazi.

Kwa mtoto asiye mzungumzaji, mpe ukurasa wa daftari. Ugawe miraba minne, chora cha kwanza hata kama hujui kuchora, na umwachie aendeleze. Hiyo tayari ni katuni yake mwenyewe. Mtoto asiyeweza kusema jambo huweza kulichora.

Kwa walio chini ya miaka mitano

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa mwaka mmoja haishauriwi. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Simu si yaya, hata kama inamnyamazisha. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14, na wa mitatu au minne saa 10 hadi 13, ukiwemo wa mchana.

Anapotazama, kaa naye ukiweza. Akili akihesabu, mhesabu naye. Kipindi kikiisha mtafute kitu cha kuhesabu nyumbani: mayai, vikombe, kuku.

Kwa wakubwa, wekeni saa ya mwisho ya skrini, iwe ya televisheni au ya simu, walau saa moja kabla ya kulala. Ukipeleka flashi dukani kuingiziwa muvi, waambie unataka nini badala ya kupokea chochote kilichojaa kwenye kompyuta yao. Na kama kuna tamthilia ya watu wazima ambayo nyumba nzima inaifuata, usijidanganye kwamba mtoto “haelewi”. Anaelewa vya kutosha kuwa na maoni.

Kukataza kibanda moja kwa moja bila kuweka kitu badala yake mara nyingi humfundisha mtoto kudanganya tu. Ni bora jioni mbili kwa wiki zenye kitu cha kusubiri nyumbani: hadithi ya bibi, mchezo wa redio, katuni iliyoingizwa kwenye simu, kitabu kilichoazimwa shule. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza pia kuzungumza na mwenye kibanda ili watoto wasiingie usiku. Wengi wa wenye vibanda nao ni wazazi.

Jibu likikushtua

Mtoto akikuambia jambo zito, kwamba anafanya kazi mwaloni, kwamba mtu mzima humlipia na kumtaka awe naye, kwamba ameguswa vibaya, mshukuru kwa kukuambia. Mwambie kosa si lake. Kisha tafuta msaada kwa ofisa ustawi wa jamii, mwalimu, dawati la jinsia na watoto polisi, au piga namba 116, simu ya taifa ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Kama ameshika zebaki au amekuwa karibu na inapochomwa, na anatetemeka, anaumwa kichwa mara kwa mara au amebadilika tabia, mpeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba amekaa karibu na zebaki, ili mganga asidhani ni malaria pekee.

Majibu mengi hayatakuwa hivyo. Mengi yatakuwa marefu, yenye ngumi hewani, sauti za bunduki na visa visivyo na kichwa wala miguu, huku ugali ukipoa. Sikiliza tu. Katika kanuni za muvi, atakufafanulia, steringi hafi. Mwambie hiyo ni ya kwenye muvi, na kwamba hapa kwetu, penye mashimo, tunahakikisha watoto wote wamerudi kabla giza halijaingia.

Halafu muulize sehemu ya pili inakuja lini.